"Usichome" Ikasomeka "Usichume": Kumsaka Mdudu Ndani ya Linux



Naomba nizungumze juu ya jambo linalotupata wengi wetu tunaotumia Linux, na ambalo wengi wetu tunalimaliza kwa kuguna tu. Programu inaganda, herufi zinavunjika, printa inagoma. Tunazima kompyuta, tunawasha tena, tukiona bado basi tunahamia programu nyingine, na jioni kwenye simu tunamwambia mwenzetu, "Hii Linux yenu nayo!" Mie mwenyewe nimefanya hivyo miaka mingi. Kilichonibadilisha ni ami yangu wa Mombasa, mzee asiyejua hata Linux ni kitu gani.

Kisa chenyewe ni hiki. Ami ana utenzi wa nyumbani kwetu, mawaidha ya babu yake kwa vijana, umeandikwa kwa hati ya Kiarabu katika daftari ambalo kurasa zake zimeanza kuliwa. Macho yake yanapungua. Aliniomba niuchape upya kwa hati ileile, si kwa herufi za Kirumi, aupitie neno kwa neno maadamu bado anaona. Basi nikawa nachapa huku Birmingham usiku baada ya kazi, namtumia picha za kurasa kwa simu, naye yuko Kibokoni anasoma na kusahihisha.

Wanaoijua hati hii watanielewa nikisema kwamba tatizo lake la zamani ni irabu. Kiarabu kina fat'ha, kasra na dhumma, yaani a, i na u. E na o zetu hazina mahali. Wakubwa wetu walilishughulikia tatizo hilo kwa njia mbalimbali, na moja ya njia zinazotumika leo ni ile aliyoipendekeza marehemu Sheikh Yahya Ali Omar pamoja na P. J. L. Frankl katika makala yao ya mwaka 1997: e huandikwa kwa alifu ndogo ya chini ya herufi, na o kwa dhumma iliyopinduliwa. Alama zote mbili zimo ndani ya Unikodi, o ikiwa na namba 0657 na e 0656. Kwa hivyo kompyuta haina udhuru.

Usiku mmoja nikampelekea ami mlango wa tano. Kichwa chake kwenye daftari ni "Usichome mali yako", yaani usiiteketeze kwa anasa. Asubuhi akanipigia.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Babu yako lini alikataza watu kuchuma?"

Nikatazama. Kwenye kichwa cha habari ile dhumma iliyopinduliwa ilikuwa imetoka juu ya che, imekaa pembeni peke yake juu ya kiduara cha vitone vitone, na che yenyewe imekatika haikuungana na wawu. Ami kwenye simu yake ndogo alidhani kile kiduara ni doa. Wawu inabeba u na o sawasawa, kwa hiyo alisoma kilichobaki: usichume mali yako. Mawaidha ya babu yakageuka kichwa chini.

Hasira zangu za kwanza zilikwenda kwa programu ya kuandikia. Nilikuwa karibu kuandika waraka mrefu wa kuwalaumu watengenezaji wake. Nashukuru sikuandika, manake hawakuwa na kosa lolote.

Hapa panahitaji maelezo kidogo kwa wasio mafundi. Tunaposema "Linux" tunataja kitu kimoja, lakini kilicho mezani si kitu kimoja. Kuna kiini, ambacho ndicho Linux hasa. Juu yake kuna mkusanyaji, kama Debian, Ubuntu au Fedora, anayechukua maelfu ya vifurushi kutoka kwa watu mbalimbali na kuvifunga pamoja. Kuna mazingira ya skrini, kama GNOME au KDE. Kuna programu unayoifungua. Na herufi moja tu ya hati ya Kiarabu kabla haijaonekana imepita kwa fontconfig, inayochagua fonti, na HarfBuzz, inayoamua herufi iungane vipi na jirani zake, kisha fonti yenyewe, iliyochorwa na mtu mwingine kabisa. Kila mmoja hapo ana nyumba yake, na taarifa ukiipeleka kwa mlango usio wake itakaa hapo kama barua iliyokosea sanduku.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kupunguza washukiwa, kulalamika baadaye. Mimi nilifanya hivi. Kwanza nilifungua faili jipya, nikaandika neno moja tu, "usichome", kwa herufi nene kama za kichwa cha habari. Likavunjika vilevile. Vizuri: sasa sina haja ya kumwonyesha mtu kurasa 40 za utenzi wa watu. Pili nikatengeneza akaunti mpya ya mtumiaji kwenye kompyuta ileile, nikaingia nayo. Akaunti mpya haina mipangilio yangu ya miaka kumi, kwa hiyo kama tatizo lingetoweka ningejua kwamba uchafu uko nyumbani kwangu. Halikutoweka. (LibreOffice wana njia fupi zaidi: tangu toleo la 5.3 la mwaka 2017, ndani ya menyu ya Msaada kuna hali salama, inayoanza bila mipangilio yako.) Tatu nikafungua neno lilelile kwa programu nyingine ya kuandikia, isiyo na undugu na ile ya kwanza. Likavunjika! Hapo programu ya kuandikia ikatoka kizimbani.

Baada ya hapo nikakwama siku mbili. Wapo wenye bahati ambao programu yao inakufa kabisa, hao wana vya kushika: ukiianzisha kutoka dirisha la amri itatoa manung'uniko yake hapo hapo, journalctl -b itakuonyesha yaliyoandikwa tangu kompyuta iwashwe, na -b -1 ya safari iliyotangulia, na kwenye mifumo mingi coredumpctl itakuorodheshea zilizoanguka. Yangu haikufa. Ilikuwa inaandika vibaya kwa furaha kabisa, bila kulalamika popote.

Ami ndiye aliyenikwamua. Alinipigia siku ya tatu, hakuuliza habari za kompyuta, alikuwa anasahihisha. "Mwanangu, moyo umevunjika kwenye kichwa lakini ndani ya beti ni mzima. Na mama ni mzima kote kote." Mie nilikuwa nimelitazama neno moja mpaka macho yakachoka; yeye alitazama ukurasa mzima. Inavunjika o peke yake, na kwenye vichwa peke yake. Vichwa vina nini? Herufi nene.

Nikauliza kompyuta swali moja: ni fonti zipi zenye alama hii? Amri ni fc-list ":charset=0657" family style. Fonti yangu ilitokea kwenye orodha kwa umbo lake la kawaida. Umbo lake nene halikuwemo. Kumbe mchoraji ana michoro miwili, na kwenye ule mnene hiyo dhumma iliyopinduliwa haipo. Herufi ikikosekana, mfumo unaazima kwa fonti nyingine. Ukiazima herufi kamili hakuna anayejua, lakini ukiazima alama inayotakiwa kupanda mgongoni mwa herufi ya fonti nyingine, haina pa kupanda, inapewa kiduara cha vitone ikae. Ndicho kile "doa" la ami.

Kilichobaki ni swali la kwa nini sasa, wakati mwaka jana ilikuwa sawa. Wanaotumia Debian na Ubuntu wanalo faili /var/log/apt/history.log, daftari la kila kilichoingia na kutoka, na tarehe zake. Nikalisoma: wiki mbili kabla, fonti ile ilikuwa imeletwa toleo jipya. Basi.

Nawaombeni mnivumilie nitoe mfano wa pili, maarufu kwa watu wa Linux, kwa sababu unafanana na wa ami kwa namna ya ajabu. Mwaka 2008 watumiaji wa Ubuntu walianza kuripoti kwamba OpenOffice.org haichapi kwenye printa zao. Mmoja akaandika kwamba mkewe anasema haichapi siku za Jumanne. Kumbe ilikuwa kweli. Walishukiwa OpenOffice.org, wakashukiwa watu wa mfumo wa kuchapa, ikashukiwa programu ya printa. Mwisho mkosaji alikuwa programu ndogo iitwayo file, ambayo kazi yake ni kutazama mwanzo wa faili na kusema ni la aina gani. Ndani ya vielelezo vyake kulikuwa na kimoja cha kutambua mafaili ya lugha ya Erlang, ambacho kilitakiwa kulinganisha tarehe ndefu inayoanza na "Tue", lakini nafasi kati ya maneno hazikuandikwa inavyotakiwa, hivyo ikawa inatosha kuona "Tue" tu. Waraka wa kuchapwa unabeba tarehe ya siku ulipotengenezwa. Jumanne ikifika, file inasema huu si waraka wa kuchapa, huu ni Erlang, na printa inauweka kando. Jumatano mambo safi.

Sasa fikiria bwana yule angeandika, "Printa haifanyi kazi, tafadhali rekebisheni." Asubuhi ya Alhamisi fundi angejaribu, ingechapa, angefunga faili na kwenda zake.

Nalisisitiza hili kwa sababu sisi wasomi tuna ugonjwa wa kuficha jambo linaloonekana la kipuuzi. Tunaandika maoni yetu ("nadhani HarfBuzz ina kasoro") badala ya tulichokiona ("o inavunjika kwenye herufi nene, a haivunjiki"). Simon Tatham, mtunzi wa PuTTY, aliandika mwaka 1999 insha nzima juu ya namna ya kuripoti hitilafu, na moyo wa maneno yake ndio huo: toa ulichokiona kwanza, dhana zako baadaye, na usichanganye. Mtu aliyewahi kuhariri mswada wa kale hana cha kujifunza hapo, ni kazi ileile. Unasema nakala ina nini, kisha unasema wewe unadhani mwandishi alikusudia nini, na kila kimoja kinakaa mahali pake.

Taarifa yangu nikaiandika hivi, naitoa kwa Kiswahili ingawa niliiandika kwa Kiingereza:

"Umbo nene la fonti, toleo jipya, halina alama 0657. Toleo lililotangulia lilikuwa nayo. Kuona hitilafu: fungua faili nililoambatanisha, lina neno moja mara mbili, kwa umbo la kawaida na umbo nene. Ninachotarajia: alama ikae juu ya che na che iungane na wawu. Kinachotokea: alama inakaa peke yake juu ya kiduara, che inakatika. Nimeona hivyo kwa programu mbili tofauti na kwa akaunti mpya. Picha ya skrini imeambatanishwa. Alama hii inatumika kuandika o ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu."

Basi, hayo tu, pamoja na jina na toleo la mfumo wangu. Hakuna "kwa masikitiko makubwa". Hakuna historia ya Pwani. Toleo ni muhimu kuliko mnavyodhani. Kama ni jambo la skrini, taja pia kama uko Wayland au X11, amri ni echo $XDG_SESSION_TYPE, maana hitilafu inaweza kuwako huku na isiwepo kule.

Na hili ni la sisi hasa: kama kompyuta yako umeiweka kwa Kiswahili, ujumbe wa hitilafu utatoka kwa Kiswahili pale palipotafsiriwa, na fundi aliyeko Brno au São Paulo hataambulia kitu. Anzisha programu kutoka dirisha la amri ukitanguliza LC_ALL=C, kisha jina la programu, na manung'uniko yatatoka kwa Kiingereza bila wewe kubadilisha lugha ya mashine nzima.

Pa kupeleka. Kanuni ninayoifuata mie ni hii: kama kasoro imetokana na namna mkusanyaji alivyofunga kifurushi, mpelekee mkusanyaji, kama imo kwenye programu yenyewe, panda mto mpaka kwenye chemchemi yake. Debian wana programu ya reportbug, inayokuuliza maswali kisha inatuma barua-pepe, na majadiliano yote yanakwenda kwa barua-pepe, kitu ambacho wenye intaneti mbovu watakipenda. Ubuntu wana amri ya ubuntu-bug ikifuatiwa na jina la kifurushi, inakusanya matoleo yenyewe na kukufungulia Launchpad. KDE programu ikianguka hujitokeza DrKonqi kukusaidia kuandika. GNOME walihamia GitLab mwaka 2018. LibreOffice wanatumia Bugzilla yao. Usipojua, anza kwa mkusanyaji, atakuelekeza. Kabla ya kuandika tafuta kama mwenzako ameshaandika, na ukikuta, usiongeze "na mimi pia" peke yake. Ongeza kile ambacho yeye hakukiona.

Kwenye Launchpad, kwa kicheko kidogo, hitilafu namba 1 iliandikwa na Mark Shuttleworth mwenyewe mwaka 2004, nayo ilikuwa kwamba Microsoft imeshika sehemu kubwa ya soko. Aliifunga mwaka 2013.

Jambo moja lisilo la kicheko. Taarifa hizi ziko wazi kwa dunia nzima. Kumbukumbu za mfumo zina jina lako la kuingilia, majina ya mafaili, pengine jina la mtandao wa nyumbani kwako. Programu ikianguka, kile kipande cha kumbukumbu kinachohifadhiwa kinaweza kuwa na barua uliyokuwa unaandika au neno lako la siri. Ndiyo sababu Launchpad huziweka taarifa za kuanguka faraghani kwanza mpaka zikaguliwe. Wapo miongoni mwetu wanaoandika mambo ambayo hawataki yasomwe na kila mtu. Soma kabla hujatuma. Na faili la mfano litengeneze upya kwa maneno yasiyo na uzito. Mimi sikupeleka hata ubeti mmoja wa babu.

Baada ya kutuma, usipotee. Hapa ndipo nilipoharibu zamani. Nilipeleka taarifa kwa watu fulani, wakaniuliza swali moja, barua ikaangukia kwenye takataka, niliporudi nikakuta faili limefungwa nikasema wanatudharau. Si dharau. Launchpad, taarifa iliyowekewa alama ya kutokamilika ikikaa siku 60 bila neno inaweza kufungwa na mashine. Fedora nao hufunga zilizobaki toleo linapofika mwisho wake, ambao ni kama miezi 13. Ukiwa bado unaiona kwenye toleo jipya, sema, itafunguliwa.

Wenye fonti walinijibu siku ya tisa. Mtu mpole. Aliuliza swali ambalo sikulitarajia: Kiswahili kinaandikwa kwa hati ya Kiarabu? Nikaona aibu kidogo, si kwa ajili yake. Hati hii imeandikiwa tenzi kwa karne kadhaa, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuwa akiitengenezea alama za ziada karne ya 19, kina Kevin Donnelly wameitengenezea vifaa vya Andika! vya kuichapa kwa kompyuta, na bado mchoraji aliyekuwa nayo kwenye fonti yake hakujua kuna mtu anaihitaji. Akaniambia waliposafisha umbo nene waliondoa alama walizodhani hazina mtumiaji. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Ninavyojua mimi, kuna watu wasiopungua wanne ninaofahamiana nao wanaochapa hati hii, na nilipowauliza, wawili walishaona kile kiduara. Mmoja alikuwa akikifuta kwa wino mweupe kwenye karatasi.

Alama ilirudi kwenye toleo lililofuata. Niliipima kwa lile faili la neno moja, nikaandika kwamba imepona, manake wanasahau kuambiwa hilo pia, kisha nikampelekea ami mlango wa tano upya.

Akasoma, akaridhika na kichwa. Halafu akaniuliza kwa nini kwenye beti ya tatu ile alifu ya chini ya "pete" imekatwa mguu na mstari unaofuata. Nimepima kwa akaunti mpya na kwa programu mbili. Safari hii inatokea kwenye moja tu. Nimeshaanza kuandika.